Tulipokwenda Ugenini

Somo: Luka 9:51–56



Mwezi huu tumeona vema tuseme nanyi juu ya jambo ambalo wengine watasema si la kanisani, yaani mpira wa miguu, na hasa safari ya kuifuata timu ugenini. Twajua wako wazee kati yetu wanaoona kwamba mpira ni upuuzi wa vijana. Lakini watu wale wale wanaokaa katika viti vya kanisa siku ya Jumapili ndio waliopanda basi siku ya Jumamosi. Na dhambi ya Jumamosi hailali stendi. Huja pamoja nasi mpaka mbele ya madhabahu.

Nchi yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mpira. Wengi wanakumbuka mwaka 1986, Tukuyu Stars kutoka Rungwe walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara na kuziacha nyuma timu kubwa za Dar es Salaam. Mwaka 2013 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu. Ndipo watu waliovaa zambarau walipoanza kuonekana katika viwanja vya mbali. Ndugu zetu wa Iringa nao walikuwa na siku zao. Lipuli ilipanda mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam bao 1–0 huko Lindi, mbali sana na nyumbani. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Mbeya City nayo ikashuka mwaka 2023, kisha ikapanda tena mwaka 2025. Timu hupanda na kushuka. Lakini namna tulivyowatendea watu katika mji wao haishuki daraja. Hukaa katika kumbukumbu ya watu, na mbele za Mungu.

Basi tuanze na safari yetu wenyewe. Msimu mmoja uliopita, watu wapatao thelathini wa mtaa wetu tulikodi basi dogo tuifuate timu yetu kwenda Iringa. Tulikuwamo vijana wa kwaya, akina mama wanne, wazee wawili, na sisi tuandikao haya. Tulikusanyika penye kanisa usiku bado, tukasali, tukaondoka. Njia mnaijua: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, halafu kupanda kwenda Makambako kwenye baridi, kisha misitu ya misonobari ya Sao Hill, Mafinga, Ifunda, hata Ipogolo, na mwisho kile kilima cha kuingia mjini. Ni zaidi ya kilomita 300. Tuliimba nyimbo za kanisa mpaka Chimala, na toka Chimala tukaanza nyimbo za mpira.

Hapo kwenye tambarare za Usangu mzee mmoja aliwanyamazisha vijana kidogo, akawakumbusha tunapita wapi. Katika karne ya 19 Wahehe wa Munyigumba, na baadaye wa mwanawe Mkwawa, walipigana na Wasangu wa Merere katika nchi hii, hata Wasangu wakaiacha nchi yao kwa miaka mingi na kukimbilia Usafwa, si mbali na hapa Mbeya ilipo leo. Watu walivuka nchi hii kwa mikuki. Mzee akasema, “Wajukuu zangu, leo ninyi mnakwenda Iringa kwa ngoma na filimbi. Mshukuruni Mungu, tena msiharibu.” Vijana wakacheka, wakapiga makofi, wakaendelea kuimba.

Sasa tutazame somo letu. Bwana Yesu alikuwa safarini kutoka Galilaya kwenda Yerusalemu. Safari ile kwa miguu yapata siku tatu, na njia fupi hupita katika nchi ya Wasamaria. Wayahudi na Wasamaria walikuwa majirani wasiopatana kwa miaka mingi. Kila upande ulikuwa na mahali pake pa kuabudia, na kila upande ulisema mwenzake amekosea. Bwana akatuma watu watangulie katika kijiji kimoja waandae mahali pa kulala. Wenyeji wakakataa. Walimkataa kwa sababu gani? Luka anatuambia: kwa kuwa alikuwa anakwenda Yerusalemu. Hakuwa amewakosea neno lo lote. Alikuwa wa upande wa pili, basi.

Ndugu zetu, mtu ye yote aliyekwenda ugenini anaijua hali hii. Unashuka katika basi na jezi yako, wala hujasema neno, na mtu asiyekujua amekwisha kukuchukia. Maganda ya ndizi yanarushwa. Unatafuta chai, unaambiwa imekwisha, nawe unaiona inachemka. Sisi pia tulipata kidogo ya hayo siku ile. Hatutasema hayakutuuma.

Ndipo Yakobo na Yohana wakamwuliza Bwana kama anataka waagize moto ushuke toka mbinguni uwateketeze watu wale. Angalieni: hawa si watu wabaya. Ni mitume. Wamekaa na Yesu, wamekula naye, wamemwona akiponya wagonjwa. Tena wanaona hasira kwa ajili yake yeye, si kwa ajili yao wenyewe. Hapo ndipo ilipo hatari. Mtu akikasirika kwa ajili ya nafsi yake, huona haya baadaye. Lakini akikasirika kwa ajili ya timu yake, au kabila lake, au dini yake, hudhani kwamba hasira yake ni uaminifu. Kwa hiyo haoni haya, wala hatubu.

Na moto ule hushuka kweli, ila hautoki mbinguni. Tarehe 29 Mei 1985, huko Brussels katika uwanja wa Heysel, mashabiki wa timu ya Liverpool waliwavamia wa Juventus kabla ya fainali kuanza. Watu wakabanwa, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafa. Wengi wao walikuwa Waitaliano waliosafiri kuja kuitazama timu yao. Tarehe 1 Februari 2012, katika mji wa Port Said nchini Misri, mashabiki wa Al Ahly waliotoka Cairo walivamiwa na wenyeji mara baada ya kipenga cha mwisho, na zaidi ya watu 70 wakafa. Timu ya wenyeji ilikuwa imeshinda! Maana yake chuki haihitaji kushindwa; ikipewa nafasi hula hata siku ya furaha. Watu wale waliaga nyumbani kama sisi tunavyoaga: mama ameambiwa, “Tutarudi usiku.”

Bwana wetu alifanya nini? Aliwageukia wanafunzi wake, akawakemea wao. Hakuwakemea Wasamaria. Hii ndiyo ajabu ya habari hii. Wenyeji ndio waliofunga milango, lakini waliokemewa ni wageni waliotaka kuwachoma. Kisha wakaenda kijiji kingine. Hakuna aliyesema kwamba kukataliwa si kitu. Waliumia, na pengine walilala na njaa. Lakini waliendelea na safari.

Je, basi tusitaniane? Tusiimbe? La, hatusemi hivyo. Sisi tumerithi kitu chema kutoka kwa babu zetu, nacho ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni akimwona Mhehe humcheka, naye hukubali, wala hakuna kesi. Lakini tukumbuke sheria ya utani ilivyo. Mtani si yule anayekucheka tu. Mtani ndiye anayekuja msibani kwako, akashika jembe, akateka maji, akapika, akawachekesha wafiwa wakapata kula. Ana ruhusa ya kukucheka kwa sababu yuko tayari kukuzika. Mtu anayekucheka, na siku ya shida yako haonekani, huyo si mtani. Huyo anakutukana.

Hicho kiwe kipimo chetu uwanjani. Wimbo tunaowaimbia wenzetu wa Iringa, je, twaweza kuuimba, na jioni tukiona mmoja wao ameanguka barabarani tukambeba? Kama ndiyo, ni utani; tuimbe kwa nguvu. Kama wimbo unamtaja mama wa mtu, au kabila la mtu, au ugonjwa wa mtu, hata ukiwa na sauti nzuri namna gani, ni tusi, na midomo hiyo hiyo kesho itapokea Ushirika Mtakatifu.

Sasa inatupasa tuwaeleze yaliyotupata sisi, kwa maana si haki kuwafundisha wengine na kuficha yetu.

Kabla ya mchezo kuanza, mzee mmoja wa wawili wale alishikwa na kizunguzungu kwa jua na uchovu wa njia. Karibu na uwanja palikuwa na mama mmoja mwenye meza ndogo, anauza mayai ya kuchemsha na karanga. Alimwona mzee akiyumba. Akamwita kwa salamu ya kwao, “Kamwene, baba,” akainuka, akampa kiti chake mwenyewe na kikombe cha maji. Alikuwa ameziona jezi zetu. Mzee alikaa pale karibu saa nzima, na yule mama akasimama saa hiyo nzima.

Timu yetu ilifungwa bao moja dakika za mwisho, nasi tulisema kwamba refa alikosea. Watu wakatoka uwanjani na hasira. Maneno yakaanza kurushwa huku na huku, kisha yakarushwa mawe mawili matatu; nani alianza hatujui. Watu wakakimbia. Katika kukimbia kule, kundi la watu wenye jezi kama zetu, na sisi tukiwamo, likapita penye meza ile. Wengine walipita kando. Mtu mmoja aliisukuma kwa mguu. Mayai yakamwagika barabarani, karanga zikakanyagwa. Tulimwona yule mama ameshika kichwa. Basi lilikuwa linapiga honi, dereva anatuita. Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka, lakini hatukusimama. Tukapanda, tukaondoka.

Ndugu zetu, mnaukumbuka mfano wa Bwana uliomo katika sura inayofuata ya Injili hiyo hiyo, Luka 10. Kuhani alimwona mtu aliyejeruhiwa, akapita upande mwingine. Mlawi kadhalika. Siku zote tumehubiri mfano huo kana kwamba sisi ndio Msamaria. Siku ile Msamaria alikuwa yule mama wa Iringa aliyetoa kiti chake kwa mgeni wa upande wa pili. Sisi tulikuwa wale wawili waliopita. Tena wale wawili wana nafuu, kwa maana hawakusafiri pamoja na wanyang'anyi.

Katika basi vijana walizungumza juu ya refa mpaka Mafinga. Toka Mafinga hakuna aliyesema kitu.

Tulifika usiku sana, na asubuhi tukaenda kanisani. Katika maungamo ya kila Jumapili hatuungami mabaya tuliyoyafanya tu, bali na mema tuliyoyapita. Tukaungama kama kawaida. Lakini wakati wa Ushirika, mzee yule hakuinuka. Alibaki amekaa. Baada ya ibada tulimwendea tukidhani bado ni mgonjwa. Akatuambia, “Mimi si mgonjwa. Nimekalia kiti cha yule mama, nikanywa maji yake. Nikaona meza yake inapinduliwa na watu wangu, nikapanda basi. Sasa nije mezani kwa Bwana namna gani?”

Yako maneno ya Bwana katika Mathayo sura ya 5 juu ya mtu aletaye sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aache sadaka, aende kwanza apatane naye. Mzee hakuyataja, lakini ndiyo aliyokuwa akiyatenda.

Jumapili iliyofuata tulikaa kikao wote tuliosafiri. Hatutaficha kwamba kikao kilikuwa kigumu. Mmoja alisema, “Wao ndio walioanza kurusha maganda.” Mwingine akasema, “Aliyeisukuma hakuwa wa basi letu.” Mwingine akasema kwamba mambo ya mpira huishia uwanjani. Tuliuliza kama yupo aliyeigusa meza ile. Hakuna aliyeinua mkono, na mpaka leo hatujui ulikuwa mguu wa nani. Ndipo mama mmoja wa Umoja wa Mama akasema neno lililotufunga midomo: “Tungeshinda, tungesema tumeshinda sote, hata mimi ambaye sikugusa mpira. Basi na meza tumeipindua sote.”

Tukachanga. Tukawatuma watu wawili, yule mama na kijana mmoja wa kwaya, wapande basi la abiria kwenda Iringa na bahasha. Siku ile hapakuwa na mchezo, na mwenye meza hakuwapo penye uwanja. Waliuliza kwa wauzaji wengine, wakaelekezwa, wakamkuta nyumbani kwake. Wakajitambulisha kwamba wametoka Mbeya, nao ni wa basi lile. Wakangojea maneno makali, ambayo alikuwa na haki ya kuyasema.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Yule baba mzee alifika salama?”

Kijana alituambia baadaye kwamba alitamani ardhi ipasuke. Walipomaliza kumwomba radhi, walimkabidhi bahasha. Akazihesabu zile fedha mbele yao, akasema zimepungua kidogo, kwa sababu mayai yalikuwa trei mbili, tena alikuwa ameyachukua kwa mkopo. Alisema kweli, wala hakuona haya kuisema, nasi hatukuwa na haki ya kuona vibaya. Wakaongeza. Akawapa chai. Walipokuwa wanaaga akawaambia, “Njoni tena, watu wa Mbeya. Tuwafunge tena.”

Mmesikia? Huo ni utani! Siku ile ya mchezo alikuwa na machozi, sasa ametutania. Utani umerudi, maana yake tumekuwa ndugu tena. Hakuna refa awezaye kutupa ushindi kama huo.

Jumapili ile mzee aliinuka, akaja mezani kwa Bwana.

Ndugu wapenzi, msimu unaendelea, na mabasi yatakodiwa tena. Tunawapa shauri katika mambo machache.

Ninyi mnaosafiri: chagueni kabla ya kuondoka mtu mmoja mtakayemsikia, tena awe mtu mzima, na wakati wa hasira msimwache peke yake. Hesabianeni katika basi mkienda na mkirudi. Nunueni chakula kwa wenyeji, mkalipe kabla hamjala. Dereva akichoka, mwacheni apumzike; bora kufika asubuhi kuliko kutofika. Na mkiona ubaya umetendwa na watu wa upande wenu, simameni. Basi litangoja.

Ninyi mnaobaki: siku moja wageni watakuja hapa, Uwanja wa Sokoine, kutoka Iringa au Songea au Dar es Salaam, wamechoka na njia na baridi yetu. Torati inawaagiza Waisraeli wampende mgeni, na sababu yake ni kwamba wao wenyewe walikuwa wageni katika Misri. Mgeni wa mpira ni mgeni pia. Kikombe cha maji hakipunguzi mabao. Yafaa mtaa wetu uwe na kiti kwa ajili ya mzee wa watu wengine.

Na sisi sote: mitume wanatufundisha kwamba hapa duniani sisi ni wageni na wapitaji, na mji wetu uko mbele. Yaani maisha yote ya Mkristo ni ugenini. Tunapita katika miji ambayo si yetu, tukiwa na jina la Kristo juu yetu kama jezi, na watu wanamjua yeye kwa namna tunavyopita sisi. Tukiacha meza zimepinduliwa nyuma yetu, watasema, “Hao ndio watu wake.”

Neno la mwisho ni juu ya Yohana, yule aliyetaka moto ushuke Samaria. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 tunasoma kwamba baada ya Bwana kufufuka, Wasamaria walilipokea neno la Mungu, na kanisa la Yerusalemu likawatuma watu wawili waende kwao. Mmoja ni Petro, na wa pili ni Yohana yule yule. Alirudi kwa watu wale wale. Safari hii hakuomba moto wa kuwateketeza. Aliwaombea wapate Roho Mtakatifu, akaweka mikono yake juu yao. Mungu anaweza kumrudisha mtu mahali alipokosea, akiwa mtu mwingine.

Ee Bwana Yesu, uliyekataliwa safarini usilipize, uwalinde wote wanaosafiri katika barabara zetu. Utusamehe meza tulizozipindua na zile tulizoziona zikipinduliwa. Uwabariki ndugu zetu wa Iringa na nyumba zao. Utufundishe kushangilia bila chuki na kushindwa bila hasira, hata utufikishe sote nyumbani kwako. Amina.